Jumamosi ya Giza

Mpira si dakika tisini. Kwa Karabai FC ya Rusimbi mpira ni mwezi mzima, tangu unapoandama hadi unapofichika, na asiyelijua hilo anaweza kuwa amecheza viwanja vyote vya nchi hii na bado asielewe kwa nini straika wake anapiga miayo kabla mwamuzi hajapuliza filimbi.

Honorata alilielewa. Hakuwahi kucheza mpira hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuanika dagaa kwenye vichanja vya mwaloni, ufukweni pale vyombo vya uvuvi vinapotia nanga, na harufu yao sabuni ilishaikatia tamaa. Lakini alikuwa na cheti cha kozi ya awali ya ukocha, alichokipata baada ya kukaa siku kumi na mbili miongoni mwa wanaume thelathini waliodhani amekuja kupika. Na alikuwa na daftari. Katika daftari hilo kila siku ya mwezi ilikuwa na mstari wake: mbalamwezi, nusu, giza.

Wachezaji kumi na wanne kati ya kumi na wanane wa Karabai walikuwa wavuvi. Dagaa wa ziwa lile huvuliwa kwa taa. Giza likiwa zito, taa zinawashwa juu ya maji na dagaa wanazifuata hadi wavuni. Mbalamwezi ikitoka taa hazina kazi, vyombo vinavutwa mchangani, na vijana wanalala majumbani kama watu wengine. Basi Honorata alikuwa akiwakimbiza wiki za mbalamwezi mpaka watapike. Wiki za giza aliwalaza. Walikuja mazoezini saa tisa alasiri, wakajinyoosha chini ya kivuli cha nyavu zilizotundikwa, wakalala saa nzima huku yeye akifukuza kuku na watoto wenye kelele. Kisha aliwaamsha, akapanga vizibo vya soda mchangani, akawafundisha kukaba bila kuinuka.

Kwa mtindo huo Karabai walikuwa hawajafungwa tangu Juni, na walikuwa wamebakiza mechi moja kuingia nusu fainali ya kombe la kata.

Siku hiyo walikuwa wamelala hivyo hivyo, wamejipanga kama magunia, Mzee Abeid alipofika. Mzee Abeid alikuwa mwenyekiti wa timu na tajiri wa vyombo vitatu, na hakuna kijana pale chini asiyekula mkate kutoka kwenye nyavu zake. Nyuma yake alikuja mwanaume mrefu mwenye raba nyeupe, akikanyaga mchanga kwa tahadhari.

"Hii nini?" Mzee Abeid aliuliza.

"Shikamoo Tajiri. Ni mazoezi," Honorata alijibu kwa sauti ya chini, ili asiwaamshe.

Yule mrefu alicheka. "Mazoezi ya nini? Ya kufa?"

"Giza limeanza juzi. Wametoka majini saa mbili asubuhi. Bado nusu saa, nawaamsha tupitie mipira ya kona."

"Honorata," alisema Mzee Abeid, "huyu ni Meshack. Misimu minne amecheza ligi kuu, Dar es Salaam. Tumempata. Mungu akikupa mtu kama huyu humwachi akapita."

Meshack alimtazama Honorata kuanzia kandambili hadi kitambaa cha kichwa. "Mama, hebu niambie. Ulicheza timu gani?"

"Sikucheza."

"Hata ya shule?"

"Hata ya shule."

"Umeshawahi kupigwa kiwiko kwenye kona ukameza jino? Umeshawahi kusimama kwenye penalti, uwanja mzima unakuzomea?"

"Sijawahi. Daktari aliyenizalisha binti yangu alikuwa mwanaume, Kaka. Hajawahi kubeba mimba. Mtoto yuko darasa la nne, hajambo."

Vijana walikuwa wameshaamka. Mmoja aliguna kwa kicheko, na Honorata akadhani amepata mtu upande wake. Lakini Meshack alikuwa amezoea kuzungumza mbele ya umati.

"Kumbe wewe ni kocha wa kubembeleza! Waimbie basi, wasije wakakojoa!"

Hapo wakacheka wote. Luqman, straika ambaye Honorata alimfundisha kupiga kwa mguu wa kushoto kwa miezi mitano, alicheka mpaka akajishika mbavu. Jeremia, kipa wa Karabai na mume wa Honorata, hakucheka. Alijifunika macho kwa mkono akajifanya bado amelala.

"Mpe filimbi," alisema Mzee Abeid, bila ukali, kama mtu anayeomba kupitishiwa chumvi.

Honorata aliivua shingoni. Meshack aliipokea kwa vidole viwili, akaifuta kwenye fulana yake, akaigeuza, akaifuta tena, ndani na nje, watu wakitazama. Ndipo akaivaa.

"Usiende mbali lakini, mama. Hizi fulana za mazoezi zinanuka. Zifue, Jumatatu ziwe zimekauka."

*

"Ulinyamaza," Honorata alimwambia mumewe.

Jeremia alikuwa anafunga koti lake la mvua kwenye mfuko, tayari kwenda majini. Mama yake, Bi Leonia, alikuwa kando ya mlango anakata muhogo, na kisu chake kilikuwa kimepunguza mwendo ili masikio yafanye kazi.

"Ningesema nini? Tajiri ni tajiri."

"Ungesema kwa nini mnalala. Wewe umevua miaka kumi na mitano. Mimi mtu wa vichanja tu, lakini wewe wangekusikia."

"Honorata, mimi napanda chombo cha yule mzee. Ninyi watatu mnakula kutoka kwenye chombo hicho. Umenipata?"

"Nimekupata. Nakuuliza kitu kingine. Ulikuwa umelala, au ulikuwa umejifunika?"

Jeremia alikaza fundo la mfuko ambalo lilikuwa tayari limekazwa, akatoka.

"Mwanangu," alisema Bi Leonia, "mpira ni wa watoto wa kiume. Huyo kijana ameucheza. Wewe umeusoma. Mwache."

"Nitamwacha, Mama. Nitamwachia na fulana zake."

Jumatatu alizipeleka. Hakuzifua. Aliziweka miguuni pa Meshack mbele ya timu nzima, zikiwa kwenye gunia la dagaa, na akaondoka taratibu ili mtu asije akasema amekimbia.

*

Siku nne baadaye pikipiki ilisimama mbele ya vichanja. Dereva wake, Gasper, alikuwa mwenyekiti wa madereva bodaboda wa kijiwe cha Gungu na wa timu yao, Gungu Chapchap, ambayo watu waliicheka kwa kuwa ilikuwa na mbio nyingi na akili kidogo.

"Mwidiwe, mama," alimsalimia kwa Kiha.

"Mwidiwe. Kama unataka dagaa, hawa bado wabichi."

"Nataka kocha. Wa kwetu kahamia Kasulu. Tunasikia umefukuzwa."

"Mnasikia pia kwamba sijawahi kucheza?"

"Wa kwetu alicheza. Alikuwa anakuja na jezi yake ya zamani, anatuonyesha anavyopiga chenga. Mwenyewe. Sisi tunakaa tunatazama." Gasper alikuna kidevu. "Hatujajifunza hata moja."

Honorata alipindua dagaa kwa kiganja, safu moja hadi mwisho, kabla ya kujibu. "Nitakuja. Sitaki chochote kwenu. Nataka nikikaa benchi, mtu asikae kwenye kiti changu. Na nataka tuingie fainali."

"Fainali ya nini, mama? Sisi?"

"Karabai wataingia. Timu ile niliijenga mimi, itakwenda yenyewe mpaka huko hata ikipewa mbuzi aifundishe. Sasa nataka niwakute."

Gasper alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, kisha akakohoa. "Haya. Panda nikupeleke uwaone."

Ikawa kama alivyosema. Robo fainali Karabai walipita kwa bao la Luqman la mguu wa kushoto. Nusu fainali iliangukia wiki ya mbalamwezi, vijana wakiwa wamelala siku saba mfululizo, wakashinda tatu bila. Mji ulimbeba Meshack. Vijiweni walisema, unaona, mtu aliyecheza ni mtu aliyecheza. Mzee Abeid alimnunulia kahawa hadharani. Hakuna aliyetaja vizibo vya soda.

Gungu Chapchap walishinda nusu fainali yao kwa penalti, na kwenye picha ya ushindi Honorata alikatwa kichwa, akabaki mkono.

*

Kikao cha kupanga fainali kilifanyika ofisi ya kata, makocha wawili na katibu wa mashindano. Mzee Abeid alikuwa amesafiri kwenda Mwamgongo kununua mbao za chombo kipya.

"Kwa utaratibu wa siku zote fainali inaangukia Jumamosi hii, tarehe nne," alisema katibu, akifungua kitabu chake. "Sijui ni kwa nini, lakini ndivyo nilivyokuta."

Honorata alijua kwa nini. Wazee walioanzisha kombe hilo walikuwa wavuvi, na hawakuwahi kuicheza fainali nje ya wiki ya mbalamwezi. Hawakuandika popote. Hawakudhani kwamba siku moja atakuja mtu wa kuambiwa.

"Naomba tusogeze," alisema. "Vijana wangu wawili ni majeruhi. Wiki mbili mbele. Tarehe kumi na nane."

Alikuwa amejiandaa kubishana. Alikuwa na sababu tatu mfukoni. Moyo ulikuwa unampiga kama mtu aliyeingia shamba la jirani.

Meshack alitabasamu. "Mama anaogopa. Haya, mimi sina neno. Wiki mbili nawapa vijana wangu pumzi. Asubuhi mbio za ufukweni, alasiri uwanjani. Kocha mwenye akili hakatai siku za ziada. Hayo huwezi kuyasoma kwenye kozi."

"Kweli, Kaka," alisema Honorata. "Kwenye kozi hawakutufundisha hilo."

Wakatia saini. Yeye alikuwa wa kwanza, na mwandiko wake ulikaa sawa.

*

Jeremia alizisikia habari hizo kutoka kwa Luqman, akarudi nyumbani mchana ule ule na mguu mmoja una kiatu.

"Tarehe kumi na nane ni nani aliyeitaka?"

"Mimi."

"Honorata. Hiyo ni giza tupu."

"Najua."

"Tutakuwa tumevua siku kumi mfululizo. Huyu mtu atatukimbiza ufukweni asubuhi, ndio kwanza tunashusha dagaa. Tutafia uwanjani."

"Mwambieni. Mwambieni hamna usingizi. Ana masikio."

"Nani amwambie? Luqman alijaribu giza lililopita, akaulizwa kama anataka kubembelezwa. Vijana wakamcheka."

"Alicheka yeye kwanza," alisema Honorata.

Jeremia alikaa kwenye kigoda. Walikuwa na miaka kumi na moja ya ndoa, na alimtazama mkewe kama mtu anayesoma kibao cha barabara asichokizoea. "Na mimi je? Mimi ndiye ninayekaa golini."

"Wewe una mdomo. Nenda kwa tajiri. Mwambie siku mbili tu, Alhamisi na Ijumaa, vyombo visitoke. Mkilala siku mbili mtacheza. Nakwambia mimi, na mimi ndiye ninayetaka mfungwe. Unaona nilivyokuachia mlango?"

Alikwenda. Lakini ilikuwa Alhamisi ya wiki ya mechi alipomkuta Mzee Abeid mwaloni, Luqman akiwa kando anapanga taa. Alirudi baada ya saa moja.

"Amesema giza ndio fedha. Amesema vijana wana nguvu. Amesema mke wangu ndiye aliyenituma." Jeremia alifuta uso kwa kiganja. "Amesema profesheno hajalalamika, mimi ni nani?"

Bi Leonia alitoa sauti kooni, si kicheko, si kilio.

"Basi," alisema Honorata. "Mlango ameufunga yeye."

*

Uwanja ulijaa mpaka juu ya kuta za shule. Watu walikuja na ngoma, na watu wa Ujiji walikuja na vuvuzela zao za zamani. Karabai walipoingia walipokelewa kama maharusi. Honorata aliwatazama macho. Kumi na mmoja, na macho ya wote yalikuwa mekundu kama ya watu waliotoka jikoni kwenye moshi.

Aliwakusanya vijana wake wa bodaboda. "Msifunge."

"Mama?"

"Kipindi cha kwanza mtu asishuti kabla sijasimama. Upande huu, upande ule, rudisheni kwa kipa, anzeni tena. Wakimbizeni. Nataka waufuate mpira mpaka waulaani."

"Watu watatuzomea."

"Wamenizomea mimi. Hamtakufa."

Wakazomewa kweli. Dakika thelathini mpira ulikwenda kushoto ukarudi kulia, na Karabai wakaufuata kwa fahari, kisha kwa hasira, kisha kwa miguu mizito. Meshack alikuwa kwenye mstari anapiga kelele: "Kaba! Kaba juu! Pumzi iko wapi? Mimi nilikuwa nacheza na malaria!" Dakika ya arobaini Luqman alisimama katikati ya uwanja, akainama, akashika magoti, na mpira ukapita hatua mbili kutoka kwake bila yeye kuinua kichwa.

Honorata akasimama.

La kwanza lilifungwa kabla ya mapumziko. La pili lilikuja mara baada ya mapumziko, beki wa Karabai akiwa amelala chini na misuli imekaza, akimwita mama yake kwa Kiha. La tatu lilipigwa kutoka mbali, shuti la kawaida ambalo Jeremia angelidaka huku anapiga soga. Alilitazama. Macho yalikuwa wazi. Mpira ulipita kando ya goti lake na ndipo mikono yake ikainuka.

"Kipa amelala!" mtu alipiga kelele, na uwanja mzima ukaunguruma. "Mleteeni mto!"

Nyuma ya benchi mwanamke mmoja aliuliza, "Huyo si mume wake?" na mwingine akajibu, "Ndiye."

Jeremia aliutoa mpira wavuni. Kabla ya kuupiga aligeuka akatazama benchi la Gungu. Haikuwa hasira. Alikuwa amechoka, na alikuwa anamwomba. Vijana wa bodaboda nao walimgeukia kocha wao. Gasper alisema taratibu, "Mama, inatosha, si ndiyo?"

Kilimpata kitu pale, chini ya mbavu, na alikisikia kikipita. Kisha akamwona Meshack, kwenye mstari wa upande wa pili, na filimbi yake shingoni.

"Moja tena!" alipaza sauti.

Wakaongeza moja tena.

Mpira ulipokwisha Luqman alikuja akichechemea. Machozi na jasho vilikuwa kitu kimoja. "Kocha, umetuonea. Ulijua."

"Nilijua. Na wewe ulijua kwa nini nilikuwa nawalaza. Miezi mitano ulijua. Ulipoulizwa ulicheka."

Hakumpa mkono. Kijana alisubiri kidogo, akaondoka.

*

Mtu alihitajika wa kubeba lawama ya mabao yale manne, na haikuchukua hata siku mbili akapatikana.

"Kipa ameuza," Meshack alimwambia Mzee Abeid, mbele ya watu, kwenye meza ya kahawa. "Mimi nimecheza, Mzee. Misimu minne. Kipa anapouza ninamjua kwa magoti. Yule mpira angeudaka mtoto. Na mke wake yuko benchi la pili. Unataka nini zaidi?"

Nani ambishie? Yeye ndiye aliyecheza.

Jumanne jioni Jeremia alifika kwenye chombo na koti lake, nahodha akamzuia kwa mkono bila kumtazama usoni. Nafasi yake ilikuwa na mtu. Alirudi nyumbani mchana kweupe wa saa kumi na moja, njia nzima watu wakimsalimia kwa upole ule wanaopewa wafiwa. Watoto wa shule walipiga miayo alipopita.

Hakumlaumu mkewe. Alikaa, akala, akanawa. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu alikwenda kutafuta nafasi kwenye vyombo vya matajiri wengine, wakamwambia wamesikia. Siku ya nne Mzee Abeid alituma ujumbe: hana kinyongo. Honorata aje mwaloni Jumatatu, mbele ya vijana. Aseme alikosea kushindana na mtu aliyecheza, aseme aliihujumu timu yake mwenyewe, aombe radhi. Jioni ile ile Jeremia atapanda chombo.

"Ni maneno matatu," alisema Bi Leonia. Alikuwa ameacha kazi zake zote ili aseme hivyo. "Mwanangu, nakuomba. Mimi mkwe wako ninakuomba, nikupigie magoti?"

"Usipige magoti, Mama."

"Umeshashinda. Kombe liko Gungu. Unataka nini tena kwa watu?"

Honorata alimgeukia mumewe. "Na wewe?"

Jeremia alisugua mikono yake, mikono ya kamba na maji, ambayo ilikuwa haijashika kitu siku nne. "Mimi nataka kufanya kazi," alisema. "Kasema tu useme. Kusema si lazima umaanishe."

Jibu hilo lilimwingia. Kitandani na vichanjani, kwa siku mbili, alijaribu maneno yale kimya kimya kuona kama yanapita kooni. Yalikuwa yanapita. Jumatatu alipotoka nyumbani alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, na Jeremia alimfuata hatua chache nyuma, na koti lake la mvua mfukoni.

*

Walikuwa wamewekewa mabenchi. Vijana wote walikuwepo, na wanawake wa vichanja walikuwa wameacha dagaa zao wakasogea. Mzee Abeid alikaa katikati kwa kanzu safi. Kulia kwake, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Meshack.

Honorata alisimama. Hakuwa amefikiria kwamba atamkuta. Alidhani mtu aliyefungwa nne kwenye fainali atakuwa ameshaondoka, au atakuwa nyuma, au angalau atakuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa pale, mguu juu ya mguu, raba nyeupe.

"Karibu, Honorata," alisema Mzee Abeid. "Mimi si mtu mbaya. Kila mtu hapa anajua. Jeremia ni kama mwanangu. Tunataka haya yaishe kwa heshima. Sema tu, vijana wasikie."

"Nitasema, Tajiri. Kwanza nikuulize. Alhamisi kabla ya mechi, Jeremia alikuja kukuomba nini?"

Mzee Abeid alirekebisha kofia. "Hatukuja kwa hayo."

"Alikuja kuomba nini?"

Mzee Abeid aligeukia ziwa. Wimbi dogo lilisukuma boya dhidi ya chombo. Kisha Luqman, akiwa kwenye benchi la mwisho, akasema bila kusimama, "Aliomba siku mbili tulale. Nilikuwepo. Nilikuwa napanga taa."

Vijana walianza kunong'ona. Nahodha aliyemzuia Jeremia aliangalia miguu yake.

"Siku mbili za kulala?" Meshack aliuliza, akimtazama mmoja mmoja. "Kwa nini mlale? Siku mbili za nini?"

Mwanamke mmoja wa vichanja alicheka kwa pua. Meshack alikuwa amekaa ufukweni ule miezi miwili na zaidi, akila dagaa asubuhi na jioni, na bado alikuwa anauliza kwa dhati, kama mgeni aliyeshuka sasa hivi.

"Unaona, Tajiri?" alisema Honorata. "Bado hajui. Mmefungwa nne, mmemfukuza mtu kazi, na mpaka leo hajui mlifungwa na nini. Na umemweka kwenye kiti."

"Yamepita!" Mzee Abeid alipandisha sauti kwa mara ya kwanza. "Mimi nimekuita kwa wema. Jua linakwenda, vyombo vinatoka. Mumeo amesimama hapo na koti lake. Omba radhi, apande. Ukikataa hapandi leo wala kesho, na hapa mwaloni hutaanika tena hata dagaa mmoja. Chagua."

"Honorata," Bi Leonia aliita kutoka nyuma.

Alimtazama Jeremia. Jeremia alikuwa ameushika mfuko wa koti kwa mikono miwili.

"Nilichagua tarehe nikiwa najua," alisema Honorata, na sauti yake ilifika hadi vichanja vya mwisho. "Sikuteleza. Nilikaa ofisi ya kata nikatia saini nikijua mtalala uwanjani, nikijua mume wangu yuko golini. Jeremia hakuuza kitu. Nilimfunga mimi, kwa mikono yangu, na nilitaka la nne. Leo mkileta kalenda nitachagua siku ile ile. Radhi siombi. Kwako siombi, Tajiri. Kwa huyu siombi. Na ninyi vijana mliocheka, kwenu pia siombi."